Nibu ya Kalamu ya Baba

Mama,

Nakuandikia kwa kalamu ya kawaida, hizi za dukani, kwa sababu kalamu yako ya kijani imenishinda. Inakwaruza karatasi kama kuku anayechakura. Ungeniona nayo ungeninyang'anya. Nimekaa barazani, asubuhi, bajaji za wanafunzi bado hazijaanza kupita, nataka nikueleze yaliyotokea juu ya kalamu ile tangu tukuzike. Kama kuna namna ya kusikia huko uliko, bora usikie kutoka kwangu.

Tulipomaliza arobaini na wageni wakarudi makwao, nililifungua kabati lako la kalamu. Kabla ya hapo sikuweza. Harufu ya sandarusi ilinipiga usoni, nikakaa sakafuni nikalia weee, kisha nikajifuta nikaanza kazi, maana ulinifundisha kwamba kalamu ya wino ikiachwa hukauka koo. Nilizisafisha zote. Ile nyeusi uliyoipata kwenye mnada wa vyombo vya nyumba moja ya zamani hapa hapa Raskazone. Ile ya kahawia ambayo mpira wake wa ndani ulioza, ukatia mwingine, ukaugandisha kwa sandarusi uliyoiyeyusha kwa spiriti, ukanikataza hata kuipumulia mpaka ikauke. Zote zikaandika. Ya kijani nikaiweka mwisho, kalamu ya marehemu Baba, uliyoniusia mbele ya mdogo wangu Seif kwamba ni yangu.

Nikaijaza wino, nikaandika jina lako. Ikakwaruza.

Mimi naijua kalamu ile, Mama. Niliishika nikiwa msichana, Baba angali hai. Nibu yake ilikuwa ya dhahabu, pana, laini. Ukiibonyeza kidogo mstari unanenepa, ukiiachia unakonda. Hii niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ngumu kama msumari. Nikaitazama kwa lenzi. Kwenye mpasuko rangi ya dhahabu imebanduka, na chini yake ni chuma kitupu. Nikaichomoa, nikaisogezea sumaku, ile uliyokuwa ukienda nayo kwa wauzaji. Ikaruka ikanasa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinunua? Ulinusa vifuniko. Ulimtaka muuzaji aijaze maji mbele yako uone inavujia wapi. Siku ile mtu alipokuja mpaka hapa barazani akaapa wallahi nibu ni dhahabu tupu, ulitoa sumaku kwenye pochi bila kusema neno, naye papo hapo akakumbuka kwamba ana safari. Nilicheka mbavu zikaniuma. Wewe hukucheka. Ulisema, "Usicheke, mwanangu. Leo kanikuta na sumaku. Kesho je?"

Ndivyo ulivyonilea. Basi nikashuku.

Wa kwanza alikuwa Seif. Alipokuja kutoka Maskati kwa mazishi alilala chumbani kwako, na kabati liko humo. Siku ya kuondoka nilimkuta amesimama mbele yake, mlango wazi. Aliponiona akaufunga taratibu, akasema, "Nilikuwa namuaga Mama." Wakati ule sikuwaza kitu. Sasa nikawaza mengi. Nikampigia simu.

"Seif, nibu ya kalamu ya Baba iko wapi?"

Akanyamaza. Kimya kile, Mama, kilinitosha. Mtu asiyejua angeuliza, nibu gani?

"Dada, iache kalamu hiyo kama ilivyo," akasema.

"Uliigusa?"

"Sikuigusa."

"Basi nani kaigusa?"

"Nakuomba uiache." Akakata simu.

Sikumpigia tena. Yeye alipopiga, niliitazama simu ikilia mpaka ikachoka. Wiki zikapita hivyo. Watoto wako wawili tu, na hatusemezani.

Lakini kichwa changu hakikutulia kwa Seif peke yake. Wiki zile ulipokuwa hospitali, nyumba ilikuwa ikifunguliwa na kila anayekuja kuuliza hali. Na nikamkumbuka Mzee Anselmi wa Nguvumali. Mwalimu mstaafu, mtoto wa watu waliokuja kukata mkonge, mtu wa misa ya kila alfajiri, na ukiacha wewe, hakuna mwingine hapa mjini aliyejua kuitengeneza kalamu ya wino ikaandika. Mligombania kila sanduku la takataka kwenye minada. Ulinikataza nisimpe kalamu yetu hata aishike. "Yule ana mikono mizuri mno," ulisema, nami nikaelewa wizi.

Msibani alikuja na shati jeupe, mkono wa kulia kaupakata mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Akanipa pole. Halafu akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ile ya kijani ipo?" Maiti yako haijatoka ndani, Mama, na mtu anauliza kalamu. Niliikumbuka sauti ile, damu ikanichemka.

Na kulikuwa na fikra ya tatu, ambayo niliikataa kila ilipokuja. Miaka yako ya mwisho hukuniruhusu niandike na kalamu ya kijani. "Imezoea mkono wangu, utaiharibu." Na wewe mwenyewe sikukuona ukiiandikia. Uliipangusa, uliirudisha kabatini. Nilijiambia ni huzuni ya Baba.

Nikachukua bodaboda mpaka Nguvumali. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote njiani, makali, yenye adabu juu tu. Alinifungulia mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanivutia kiti kwa mkono wa kushoto. Mezani palikuwa na daftari la shule, kurasa zimejaa herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa chekechea. Juu ya daftari palilala kalamu nyeusi ya bei ndogo, ya plastiki. Na nibu yake ilikuwa dhahabu. Niliitambua kabla sijakaa.

"Nibu hiyo ni ya baba yangu," nikasema.

"Ni ya baba yako. Sikatai."

"Umeipataje?"

"Kanipa mama yako."

"Una shahidi?"

"Shahidi tumemzika, mwanangu."

Nikamwambia jibu hilo ni jepesi, kila mwizi analo. Hakukasirika. Aliisukuma kalamu kuelekea kwangu. "Hebu iandikie," akasema.

Niliandika, ikagoma. Mara inaruka, mara inachimba karatasi. Nikadhani ameshaiharibu, na nikataka kumwambia hivyo. Akaichukua kwa kushoto, akaandika jina lako, Mama. Herufi zilitetemeka, lakini wino ulishuka mfululizo, haukukatika hata mara moja.

Ndipo akanieleza. Kiharusi kilipompiga, mkono wa kulia ulikufa. Akajifunza kuandika kwa kushoto, na kila nibu aliyojaribu ilimchimbia, maana anayeandika kwa kushoto huisukuma kalamu pale ambapo sisi tunaivuta. Akakata tamaa. Alizifunga kalamu zake zote kwenye mfuko akaziweka uvunguni. Wewe ukasikia. Hukumwendea na chakula cha mgonjwa. Ulimwendea na tupa na karatasi ya msasa.

"Alijaribu nibu zangu zote," akasema. "Hakuna iliyokuwa na mdomo mpana wa kutosha kukatwa upya. Siku moja akaja na hiyo. Nilimkatalia. Unamjua mama yako ukimkatalia."

Niliomba niitazame. Nikatoa lenzi. Mdomo wa nibu ulikuwa umesagwa ukalalia upande usio wetu, na ukingo mmoja umeviringishwa kidogo, kama ukucha uliokatwa na mtu mwenye subira. Hakuna anayemalizia hivyo ila wewe. Mimi nimejaribu mara chungu nzima nikashindwa. Na najua, kwa sababu uliniambia wewe, kwamba nibu haikatwi kwa kuelezwa. Unakaa na mtu, unamtazama akiandika, unasaga kidogo, anaandika tena, unasaga tena. Kazi ile haikuwa ya siku moja.

"Alikuwa akija lini?"

"Alhamisi."

Alhamisi, Mama. Alhamisi ulikuwa ukienda Mwera, Pangani, kutazama minazi. Ulikuwa ukirudi jioni na nazi kwenye kikapu.

Nadhani aliiona sura yangu. "Nazi alizinunua hapo sokoni," akasema, akaangalia chini.

Nikakumbuka nazi zenyewe. Zilikuwa zikija zimefuliwa tayari, safi kama kipara, nami nikimsifia mtunza shamba. Mimi, niliyekua nikitazama kila kitu kwa lenzi.

Nikamuuliza swali ambalo mtoto hapaswi kumuuliza mtu mzima. "Mlikuwa nini nyinyi wawili?"

"Tulikuwa tukigombana. Juu ya wino, juu ya karatasi, juu ya dini pia. Akimaliza kusaga anakunywa chai, ananiita mbishi, anaondoka. Zaidi ya hapo hakuna. Ukishuku kwamba kuna, siwezi kukuzuia."

"Kwa nini alinificha?"

Hapo akasema heri nisiulize. Nikamwambia aseme.

"Alisema, 'Binti yangu nimemfundisha kushuku kila mtu. Nikimwambia nibu ya babake iko kwa mwanamume wa Nguvumali, neno la pili hatalisikia.'"

Nilitaka kukataa. Nilitaka kusema ungeniambia ningekuelewa. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mzee wa watu, mgonjwa, nimekwisha kumwita mwizi kabla ya kuulizwa kama nitakunywa chai. Mama, neno lile limeniingia pahala ambapo hata mauti yako hayakufika. Kwamba uliniogopa. Kwamba uliamka kila Alhamisi ukajifunga buibui ukanidanganya usoni, kwa kuniogopa.

Mzee Anselmi akasema, "Ichomoe mwenyewe, mimi mkono mmoja hauwezi. Msibani nilitaka nikwambie, watu wakawa wengi. Ni mali ya baba yako, na sikutaka kufa nayo."

Niliichomoa. Nikaishika kiganjani, nyepesi, ina wino wa bluu kwenye mpasuko. Nilimfikiria Baba akiandikia majina yetu kwenye madaftari ya shule. Nilikuwa na haki ya kuondoka nayo. Lakini dhahabu iliyosagwa hairudi. Nikiiweka kwenye kalamu ya kijani, itakuwa ya Baba na haitamwandikia mtu yeyote. Na mzee huyu atarudisha daftari lake uvunguni.

Niliomba maji nikaisafisha. Ncha zake mbili zilikuwa zimepishana kidogo, pengine ameiangusha na hakuwa na wa kumwambia. Nikazilinganisha kwa ukucha nikitazama kwa lenzi, nikairudisha kwenye kalamu yake, nikaiweka juu ya daftari. Alisema ahsante, akageuza uso dirishani. Chai nilikunywa.

Nilipofika nyumbani nikampigia Seif. Alipokea haraka, kama mtu aliyekuwa akisubiri.

"Mama alikwambia kuhusu Mzee Anselmi?" nikamuuliza.

"Aliniambia. Akaniapisha nisikwambie."

"Kwa nini wewe? Mimi ndiye niliyekuwa nikimchemshia maji ya kuoga."

"Kwa sababu niko mbali, dada. Nisingeweza kuchukua bodaboda kwenda kugombana na mtu."

Tukacheka wote wawili, na katikati ya kicheko nikasikia mtoto analia kwenye simu. Nikauliza mtoto wa nani. Akasema wa kwake. Mkewe alikuwa amejifungua wiki zile nilizokuwa nikiitazama simu ikilia. Wa kike, Mama. Wamempa jina lako. Mtu wa kwanza aliyempigia kumpa habari hiyo ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuisikia.

Sasa naenda Nguvumali. Si kila Alhamisi, lakini naenda. Ametoa kalamu zake uvunguni, naye ananionyesha jinsi ya kunyoosha nibu iliyopinda, kwa maneno, kwa kuwa mkono wake hauwezi, nami nafanya. Ni mbishi kweli. Kuna siku namtazama akinyamaza juu ya kikombe, nashuku kwamba amenieleza nusu. Kuna siku nashuku kwamba wewe pia hukumweleza yote. Sijakusamehe lile la kuniogopa, na sijui kama ni wewe wa kusamehewa au ni mimi. Namuomba Mungu aipanue nafasi yako na aitie nuru, na hilo naliomba bila shaka yoyote.

Ahadi yangu ni hii. Maadamu mzee yule anaandika, nibu haitapinda. Akitangulia, itarudi kabatini kwa heshima. Na huyu mdogo mwenye jina lako, atakapokua wa kushika kalamu, nitamketisha hapa nimsimulie habari zako zote, na zile nisizozijua nitamwambia sizijui, sitazibuni wala sitamficha.

Lala salama, Mama. Wino wa kalamu hii ya dukani unakaribia kuisha, na Seif amesema atapiga simu saa hii ili nimsikie mtoto.

Mwanao,
Mwanaisha