Jumanne ya Mvua

Nkololo, 23 Novemba 2025

Mdogo wangu Method,

Mwangaluka! Wifi Gloria hajambo? Sisi afya ipo, mvua ndiyo hakuna. Pamba imeota ikanyauka.

Wazee, baba akiwemo, walitangaza Jumanne mtu asishike jembe, wanaomba mvua. Danford, yule Msabato, akalima. Ati yeye hupumzika Jumamosi tu. Sasa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wanataka atengwe: asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji kisimani. Wa kutangaza ni mwenyekiti wa kitongoji, yaani mimi.

Nimemsihi aombe radhi, kakataa. Nimewasihi wazee, wamekataa. Jumapili yangu hawajaigusa, wala Jumamosi yake. Naye angeiheshimu Jumanne yao. Lakini watoto wake wanywe nini? Naogopa, Method.

Dada yako,
Milembe

Maswa, 27 Novemba 2025

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, wifi yako anakusalimu.

Tangaza tu, dada. Mwenyekiti anasema ya watu, si yake. Wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe.

Mdogo wako,
Method

Nkololo, 8 Desemba 2025

Mdogo wangu,

Pokea salamu tele. Nimezilimbikiza, huku hakuna wa kumpa.

Nilisimama mkutanoni nikakataa. Wakanitenga mimi. Aliyetamka ni baba mwenyewe. Na jioni ile ile mvua ikanyesha, mvua ya kujaza majaruba ya mpunga! Nilifurahi kama wao, kisha nikalia. Nani atanisikiliza tena, wakati hata mbingu zimewaunga mkono?

Danford wamemsamehe, kwa sharti asinisalimu. Jana alinipita njiani, macho kwenye ng'ombe wake.

Ningejiuzulu nije kwenu, ila najua atakayekalia kiti hiki atatangaza mwingine atengwe kesho. Kuondoka siwezi, kukaa ndiyo hivi. Njooni Krismasi. Nina hamu ya kusikia mtu akiniita dada.

Dada yako,
Milembe

Maswa, 19 Desemba 2025

Krismasi tutafikia kwa baba. Nikikupita bila kukusalimu, usinilaumu. Gloria ni mgeni kule, na ni mjamzito. Sitaki naye anyimwe maji.

Method

Nkololo, 21 Desemba 2025

Mdogo wangu,

Hongereni kwa mimba, nimefurahi sana. Gloria asibebe mizigo, barabara ya huku ina matope.

Piteni tu. Mimi nitawasalimu. Msiitike.

Dada yako,
Milembe