Nyumba Iliyoipa Barabara Ubavu

Nyumbani, mteremkoni
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Shemeji na mabinti hawajambo? Na kile kikohozi chako kimekwisha? Sisi huku tu wazima, na mama anakula vizuri, si kama mwaka jana.

Nyumba imekwisha, tumehamia. Sasa keti kitako, nina jambo la kuungama. Hukujiuliza kwa nini picha zote nilizokutumia ni za karibu, mlango tu au dirisha tu? Nilikuwa naficha. Nyumba haitazami barabara kama ulivyochora kwenye ramani. Imeipa barabara ubavu.

Usinirukie kabla hujamaliza kusoma. Fundi uliyeniagiza nimtafute, huyu tunayemwita Kigoda, hakugusa jembe siku tatu nzima. Alikuja na kigoda chake akakaa kiwanjani. Jua likimfikia anahamia kivulini, na pale anapohamia anapigilia kigingi. Uvumilivu ukaniisha, nikamuuliza kama tumemwita kujenga au kupumzika. Akanipeleka kwa baba mdogo, hapo jirani.

Unaijua sebule ya baba mdogo, imeelekea chini barabarani, magharibi, vioo vitupu. Tulifika saa kumi jioni. Ukuta haushikiki kwa joto, madirisha yamefunikwa blanketi, na nje jenereta linanguruma kuendesha kiyoyozi, moshi unaingia jikoni. Mtu kajenga apate kutazama bonde, anatazama blanketi. Kigoda akaniuliza swali moja tu: "Mama yako na presha yake, saa hizi atakaa chumba gani?"

Nikamwambia ageuze. Sikukuuliza kwa sababu nilijua ungekataa, nakujua ulivyo mbishi.

Kazi ilikuwa ngumu, maana nyumba ikigeuzwa kwenye mteremko huu, sakafu lazima ishuke. Kigoda ameweka ngazi tatu kati ya sebule na jikoni, mawe yake yamepangwa hadi raha kuyatazama. Kuta fupi ndizo zinazopokea jua la asubuhi na la jioni, hazina dirisha ila la bafu. Madirisha makubwa yako kaskazini na kusini, chini ya paa lililotokeza, na upepo unapita moja kwa moja. Fundi huyu namvulia kofia, kaka. Kiyoyozi ulichotuma bado kimo kwenye boksi lake, mama ameweka redio juu. Jenereta hatukununua. Na tangu tuhamie, mama hajapelekwa hospitali hata mara moja.

Baba mdogo anakusalimu. Ameshamwita Kigoda aje na kigoda chake. Shangazi naye anawabusu mabinti. Salamu za mama nimeziacha mwisho. Nilimwambia naogopa utakasirika kwamba wapita njia hawaioni baraza yako. Akacheka, kisha akasema, "Mwambie mwanangu nyumba yake haiwatazami wapita njia. Inanitazama mimi."

Mungu akulinde na akurudishe kwetu salama, uje ukae barazani saa kumi.

Nikupendaye, hata ukinuna,
Mdogo wako kitindamimba