Friji Ndogo ya Gari la Mkate

Jumatatu, 5 Juni

Gari limefika nyumbani. Zamani lilikuwa likisambaza mikate, na ukifungua mlango wa nyuma bado linanukia hamira. Fundi amelizunguka huku amefunga mikono nyuma, akilitazama kama mteja aliyekuja kupimwa suti. Bega moja limeshuka, amesema. Kiuno kipana. Lakini litakaa vizuri!

Maisha yake yote ameshona nguo za watu. Sasa amestaafu, anataka kushona gari. Mimi namwita Fundi, yeye ananiita Mwalimu, tangu tulipokuwa wachumba. Binti yetu alifika darasa la kwanza ndipo akagundua kuwa tuna majina mengine.

Tunakwenda kwake, safari ya siku mbili, kumwona mjukuu wetu wa kwanza. Nyumba yake ni chumba na sebule, kwa hiyo tutalala ndani ya gari letu, mwezi mzima na zaidi. Fundi atatengeneza kitanda. Mapazia pia — nani mwingine? Mimi nimepewa friji. "Wewe ndiye uliyefundisha fizikia," kasema, kama mtu anayegawa urithi.

Jirani kachungulia juu ya ukuta: friji ya nini tena garini?

"Huyu mke wangu," Fundi kamjibu, "hawezi kunywa soda ya moto."

Mimi! Soda!

Jumanne, 6 Juni

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike ukweli. Friji ni ya dawa.

Fundi ana kisukari. Tangu mwaka jana vidonge havimtoshi, anajidunga insulini asubuhi na jioni, kabla ya chakula. Binti yetu anajua habari ya vidonge tu. Mimi najua yote, ila sijawahi kuona. Anaingia bafuni, anafunga komeo, anafungua bomba, anaanza kuimba puani. Mimi huku nje nafanya kazi yangu ya kutosikia. Akitoka anasema maji leo yana presha nzuri.

Kalamu ya sindano anayoitumia haina shida kukaa nje wiki kadhaa, mradi pasiwe na joto kali. Za akiba ndizo zinazotaka baridi: digrii mbili hadi nane. Gari lililoegeshwa juani ni tanuri. Kwa hiyo bila friji hakuna safari. Hilo ni jepesi, duka lipo.

Gumu ni hili: gari halina bafu.

Mwaka jana tulilala kwa kaka yake. Kila chumba kilijaa wageni, na Fundi hakujidunga hata mara moja. Alirudi midomo imekauka, miguu haimbebi. "Uchovu wa njiani," akasema. Daktari aliniita pembeni: mama, akirudia hivi, huenda usirudi naye nyumbani.

Nimemwambia Fundi kwamba friji nitaichagua kwa makini sana. Hakuuliza kwa nini. Kasema tu isiwe nyeupe, inachafuka.

Alhamisi, 8 Juni

Dukani. Kijana muuzaji, shati limenyooshwa hadi mikono inakata. Kaamkia vizuri, kisha kaanza na ya bei ya chini: kisanduku cha feni, kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara garini. Fundi kakipenda papo hapo. Chepesi! Kina mkanda wa begani!

Ikabidi nieleze. Kisanduku kile hakitengenezi baridi ya kwake. Kinapunguza tu joto lililoko nje kwa digrii kumi na tano au ishirini hivi. Nje kukiwa thelathini na nane, ndani ni ishirini hivi — hiyo ni hali nzuri ya kulimia mboga. Ya pili ni ya gesi. Inafanya kazi kimyakimya, lakini inataka isimame sawasawa. Ukiegesha mteremkoni inagoma. Ya tatu ina kompresa kama ya nyumbani, imefanywa ndogo, inatumia betri ya gari na paneli ya sola juu ya bati. Kompresa inabana gesi, gesi inatoa joto lake nje, kisha inapoachiwa itanuke —

"Mama," muuzaji kasema, "nikuvulie hili shati uuze wewe?"

Fundi kacheka hadi kashika meza. Muuzaji naye kapata moyo, kamgeukia: "Na ninyi mzee, mnaweka nini ndani? Nyama? Samaki?"

Kicheko kikakatika. "Soda," Fundi kasema. "Za mama."

"Kompresa yote hiyo kwa ajili ya soda?"

"Humjui huyu mama."

Nikamtazama muuzaji kwa macho ya mlevi wa soda wa muda mrefu. Nifanyeje! Tumekubaliana ni ya kompresa, ya kijivu. Lakini Fundi kasema hanunui kitu kisichopimwa.

Jumamosi, 10 Juni

Fundi kakata pateni. Kweli! Kachukua vipimo vyote vya friji, kakata boksi gumu, kaliunga kwa gundi, sasa tuna friji ya karatasi. Kaisimamisha chini ya meza ya jikoni ndani ya gari. Kaingiza vidole viwili kila upande. "Nafasi ya kupumua," kasema. "Hata koti linahitaji."

Nikamwambia kwa hilo yuko sahihi kuliko anavyojua, kwa sababu kompresa lazima itoe joto nyuma, na hewa isipopita — kaweka pini mdomoni. Hiyo ndiyo njia yake ya kusema somo limeisha.

Kitanda sijakiona kikiwa wazi. Mchana ni benchi, kikivutwa kinakuwa kitanda. Godoro bado analishonea foronya kubwa, na nguo yenye nyuzi za bandi, zile za kushikizia tu, haionyeshwi kwa mteja. "Mimi mteja?" "Wewe ndiye mteja msumbufu kuliko wote."

Jumatatu, 12 Juni

Imenunuliwa! Fundi alitaka tuifunge siku hiyohiyo. Nikakataa. Kwanza jaribio. Nimeweka gilasi ya maji ndani na kipimajoto, naiacha iwake sebuleni usiku kucha.

Jumanne, 13 Juni

Maji yameganda. Barafu kabisa! Fundi kafurahi kama mtoto — friji ya nguvu hiyo! Nikamweleza polepole kwamba kuna vitu vikishaganda vimekufa. Hata vikiyeyuka vinaonekana vilevile, lakini ndani havifanyi kazi tena.

Kaitazama ile barafu. Kisha kasema, "Soda, kwa mfano."

"Soda, kwa mfano."

Nimepandisha kidhibiti joto kidogo, na rafu ya chini, mbali na bati linalogandisha, nimeibandika utepe wa kijani. Sasa ni digrii tano, haiyumbi. Mchana nikamkuta amechuchumaa mbele ya friji, anausoma utepe ambao haujaandikwa chochote.

Jumatano, 14 Juni

Imefungwa. Imeingia chini ya meza kama mkono kwenye mfuko. Fundi kapiga mluzi.

Pia katundika pazia jipya kati ya viti vya mbele na nyuma. Zito, la kahawia, lina bitana. La kuzuia mwanga, anasema. Mapazia ya madirisha ni membamba, jua linapita kama halina kizuizi. Hilo moja tu ndilo lina bitana.

Naona. Ameshona bafu.

Nilitaka kumwambia kitu, nikakosa mahali pa kuanzia. Mimi, niliyeweza kueleza umeme kwa darasa lenye usingizi!

Ijumaa, 16 Juni

Binti kapiga simu. Mtoto kaanza kutabasamu. Anauliza tukija tumpikie baba nini, kwa ile sukari yake. "Chochote," Fundi kajibu. "Nina vidonge vyangu." Kanipa simu haraka kama inachoma.

Tunaondoka Jumatatu. Kesho tunafanya majaribio, gari likiwa hapahapa uani.

Jumamosi, 17 Juni

Naandika nikiwa kiti cha mbele, pazia la kahawia likiwa limefungwa nyuma yangu. Jua linazama. Chakula kiko tayari, hatujala. Niandike haraka.

Mchana Fundi kazindua kitanda. Kakivuta kwa madaha, kalitandaza godoro, foronya kona zake kali kama za bahasha. Kizuri kweli. Tukajilaza kama wafalme. Nikaona kiu, nikanyoosha mkono nifungue friji nichukue maji.

Ta!

Mlango umegonga ukingo wa kitanda. Umefunguka upana wa kiganja, basi.

Tukatazamana. Mimi nilipiga hesabu ya wati, betri, jua na hewa. Yeye alikata pateni yenye nafasi ya kupumua. Pateni ya boksi haina mlango! Hakuna aliyefikiria kwamba friji hufunguliwa. Tulicheka hadi gari likatikisika, jirani akauliza ukutani kama tuko salama.

Kajaribu mkono wake. Mkono wa fundi, umenenepa vifundoni kwa mkasi wa miaka yote ile: haupiti. Wangu unapita, unageuka, unatoka na chupa. "Haya," kasema, "basi soda zako zina bahati."

Dawa ya mlango ni rahisi. Bawaba za friji hii zinahamishika. Skrubu nne, mlango unafunguka upande wa pili, hauguswi na kitanda. Nimemwonyesha picha kwenye kijitabu cha friji. Katikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, baadaye.

Kabla ya jua kuzama nilizileta kalamu zake kutoka friji ya nyumbani, zote, pamoja na anayoitumia. Jaribio ni jaribio. Nimezilaza kwenye utepe wa kijani. Aliniona.

Sasa ndiyo saa yake. Kaniomba niende mbele "nikatazame taa za gari". Nikaja. Nimewasha, nimezima. Taa zinawaka.

Nyuma kimya. Hapa hakuna bomba la kufungua. Halafu: ta. Mlango wa friji. Tena: ta. Anahema. Nasikia godoro likiburutwa, linakwama, linaachwa.

"Mwalimu."

"Naam."

"Umemaliza kutazama taa?"

"Nimemaliza."

Nikamwambia, bila kugeuka, kwamba bisibisi iko kwenye droo, mkono wa kulia. Skrubu nne tu.

"Naiona droo," kasema.

Nimesubiri droo ifunguliwe. Haijafunguliwa. Naandika ili mikono yangu iwe na shughuli, na nisimwambie chochote — kwa mara moja katika maisha yangu nisieleze!

Pete za pazia zimelia. Limesogea, upana wa kiganja.

"Huo mkono wako mwembamba," kasema, "hebu ulete huku."