Mama Mdogo, Uliyezijua Nywele Zangu Kabla Yangu

Mama Mdogo wangu mpendwa,

Dada yako alipofariki nilikuwa na miaka sita. Ulinileta kwako Ruponda nikiwa na begi moja na kichwa ambacho hakuna chanuo lililokubali kupita. Watoto wa jirani waliniita Timtim. Hukuwagombeza. Ulinikalisha katikati ya magoti yako, ukachovya vidole kwenye kopo la maji, ukaanza kunichana kutoka nchani kurudi kwenye shina, kidogo kidogo.

"Zina kiu tu hizi," ulisema. Sikukuelewa.

Shuleni tulinyolewa, kwa hiyo nywele zangu na mimi tuliachana mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Nikaenda Nachingwea mjini kukaa kwa rafiki yangu aliyekuwa anajifunza kazi ya saluni. Nilitaka nywele zilale chali kama za wale wanawake wa kwenye mabango. Rafiki yangu akanipaka dawa ya kulainisha. Ikaanza kuwasha, kisha ikaunguza.

"Vumilia, ndiyo inashika," aliniambia.

Niliposuuza, nywele zilitoka mafungu mafungu, na sehemu nyingine zilitoka na ngozi. Nilijifungia ndani siku mbili, kanga kichwani. Rafiki yangu akaogopa, akakupigia simu. Ukaja kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Nilijua ungenigombeza. Ulifunua kanga, ukasema, "Pole, mwanangu. Tutoke nje penye mwanga nikuone vizuri." Ukanipeleka hospitali, na vidonda vilipopona ukaninyoa wewe mwenyewe, polepole, ukikwepa kila kovu.

Zilipoanza kurudi zilitimka vilevile. Ndipo siku moja tukaingia lile duka la vipodozi karibu na soko la Nachingwea. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani, alitutajia chupa moja baada ya nyingine: hii ya kulainisha, hii ya kung'arisha, hii ya kukuza. Ulimwacha amalize.

"Naomba unifungulie nishike," ukamwambia.

Ulitia tone nyuma ya kiganja, ukasugua, ukasubiri. Chupa mbili ulizirudisha kwa sababu ngozi ilikauka ikavuta. Ya tatu ukanipa mimi, kwa kuwa hukuwahi kufundishwa kusoma.

"Wametia nini humu? Nisomee cha kwanza."

"Maji."

"Cha pili?"

"Mafuta ya nazi. Cha tatu jina lake refu, siwezi hata kulitamka."

"Hicho cha tatu wanakijua wenyewe. Hivyo viwili tunavijua."

Mwenye duka akacheka. Wewe hukucheka. "Mwenzangu," ulimwambia, "mchicha unaumwagilia kwanza, kisha unafunika udongo kwa nyasi jua lisinyonye maji. Huyu mtoto tumemfunika nyasi miaka yote. Mafuta, mafuta, mafuta. Hakuna aliyemwagilia."

Yule mama alivua miwani, akakutazama. "Miaka yote nauza hivi vitu," akasema, "hakuna aliyeniambia kipi kinatangulia."

Tukanunua chupa ile moja. Mafuta ya kufunikia tulikuwa nayo nyumbani, ya ufuta wa shambani kwako. Kilichokosekana ni cha kuzishika zisitimke zikikauka, maana jeli tuliyoijaribu iliniachia unga mweupe kama nimetoka mashineni. Halafu asubuhi moja ulikuwa unapika bamia. Ulinyanyua mwiko, ute ukavutika, na wewe ukasimama hivyo hivyo, mwiko hewani.

"Bado sijatia chumvi," ulisema, ukaipua sufuria.

Ulichuja ute kwa kitambaa safi, ukauacha upoe. Ukanilowesha kichwa, ukanipaka krimu ya ile chupa, kisha ute, kisha matone machache ya mafuta ya ufuta. "Usiziguse mpaka zikauke." Nilikaa uani mpaka adhuhuri. Niliposimama mbele ya kioo cha kabati, Mama Mdogo, nilisogea karibu zaidi. Kila unywele ulikuwa umetafuta wenzake wakajizungusha pamoja kama spiringi ya kalamu, vipete maelfu, kuanzia kwenye paji mpaka kisogoni. Nilikuwa nimekaa na kichwa hicho miaka kumi na tisa bila kukutana nacho.

Ulisimama nyuma yangu, mkono mdomoni. "Subhanallah," ukasema kwa sauti ya chini. "Kumbe kazi yote hii ilikuwa humu."

Mwaka jana ulipotuacha, niliitwa niingie na wanawake waliokuosha. Maisha yako yote nilikuona umesuka twende kilioni, na ulikuwa ukizifumua peke yako chumbani. Siku hiyo nilizifumua mimi. Tulipomimina maji zilijikunja kwenye vidole vyangu, nyeupe kwa nyeusi, vipete vilevile. Mikono yangu ikasimama. Ulizijua nywele zangu kwa sababu ulizibeba kichwani miaka hamsini, na hakukuwa na mtu wa kukuonyesha kioo.

"Endelea, mwanangu, maji yasipoe," aliniambia bibi aliyekuwa akituongoza. Nikakusuka misuko mitatu. Ni kichwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika.

Sasa nina saluni yangu hapa Ruangwa. Jumamosi iliyopita mama mmoja alimleta binti yake wa miaka tisa. "Mtie dawa zilale," akasema. "Kesho anapokea komunyo ya kwanza. Sitaki asimame altareni katimka." Mtoto alikuwa anatazama sakafu. Nikamwambia yule mama ngozi ya mtoto bado changa, anipe saa mbili tu. Akakubali kwa kununa, akatoa simu yake.

Maji. Krimu. Ute. Mafuta. Zilipokauka, mtoto alivuta kipete kimoja mpaka kidevuni, akakiachia, kikarudi juu. Akavuta tena. Mama yake akaweka simu chini, akaja na kunyoosha kiganja juu ya kichwa cha mwanawe bila kukigusa, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto mchanga.

"Umesomea chuo gani?" akaniuliza.

"Ruponda."

"Ruponda kuna chuo cha saluni?"

"Kilikuwepo," nikamjibu.

Pumzika salama, Mama Mdogo. Mikono yako ipo kazini.

Mimi,
binti uliyeachiwa na dada yako