Bei ya Ijumaa Yenye Tarehe ya Jumatatu

Alhamisi. Mvua imeupiga mtaa wetu wa Kamwokya tangu alfajiri, matope mpaka mlangoni, na mimi nacheka peke yangu kama mtu aliyepata mapacha.

Nimekipata chanzo cha bei!

Shajara, wewe unanijua. Shule niliiacha kidato cha pili. Lakini nimefanya kazi Juba, nimelala Goma, na Nairobi nilibishana bei na mwenye duka mpaka akaninunulia chai. Programu ya simu ya kubadilisha sarafu, ninayoiunda mwenyewe, itanishinda mimi?

Ilinishinda.

Chanzo cha kwanza cha bei nilikichukua kwa sababu ni cha bure na ni cha Ulaya. Nimeshaunganisha kila kitu ndipo naona: pesa ya Aisilandi imo, shilingi yetu haimo. Ya Kenya pia haimo. Sikumwambia mtu.

Cha pili kilikuwa nazo zote mbili. Nikajitangaza mtaa mzima. Jumatatu jirani yangu Mama Akinyi, anayeuza viatu vya mtumba, akapangia bei mzigo wake wa kutoka Nairobi. Kumbe kilimpa bei ya Ijumaa, kikaibandika tarehe ya Jumatatu. Faida ya mzigo mzima ikayeyuka.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nilikuamini wewe, si simu."

Afadhali angenitukana. Nikambebea magunia yake mpaka kibandani.

Tangu Jumanne, asubuhi na jioni, nasimama na daftari mbele ya duka la kubadilisha fedha, nalinganisha vyanzo vitatu na ubao wao wa bei. Mlinzi, mstaafu wa jeshi, akaniuliza, "We ssebo, unabadilisha pesa ama unapanga kuiba?"

"Nasoma, afande. Shule nilitoroka."

Kimoja tu kilitembea na ubao. Tena kinaandika saa bei ilipochukuliwa, si saa unapouliza. Hapo ndipo nilipoliwa na kile cha pili! Sasa programu yangu inaonyesha saa hiyo kwa herufi kubwa, na bei ikipita siku moja inagoma: "Bei hii imelala. Uliza dukani."

Leo mchana Mama Akinyi alikuwa anaagiza tena. Nikamwonyesha. Akasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Yaani hii, ikiwa haijui, inasema haijui?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi imekushinda wewe."

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaagiza mzigo kwa bei yangu.

Kesho nikiulizwa nisilolijua, nitasema sijui. Mara moja tu, nione kama inauma.