Hewa Iko Huku Chini, Baba Kulwa

Baba Kulwa wangu,

Tangu tukuzike, umeme ukikatika nakaa gizani. Mishumaa yako imo kabatini na siigusi. Doto ananigombeza kwenye simu, "Mama, utajikwaa uvunjike mguu!" Namwambia nimezoea. Nimwambieje mwanao kwamba nikiwasha mshumaa, mwali ukianza kupungua, nakusikia ukiniita?

Wewe ulikuwa mtu wa chini. Tangu unioe mpaka mvi zikujae, kazi yako ilikuwa kuingia kwenye lile duara letu, shimo la dhahabu kule porini, mbele ya Kharumwa, moko, ile patasi ya mwamba, na nyundo kiunoni, mshumaa mkononi. Masanja, rafiki yako wa kufa na kuzikana, alibaki juu ameshika kamba. Mimi nilikuwa kando na masufuria yangu, nawapikia wachimbaji. Mshumaa ukififia kule shimoni, ulijua hewa imechafuka, na hukungoja kuambiwa. Ulitikisa kamba ukapiga kelele, "Napanda!" Masanja akavuta, nami nikajibu kutoka jikoni, "Panda, ugali uko tayari!"

Na ile sheria yenu unaikumbuka. Mshika kamba haachii, hata nyuki wamvamie, mpaka mtu aliye mdomoni mwa shimo amwone mchimbaji na kusema, "Ametoka." Mara nyingi msemaji nilikuwa mimi, nimeacha masufuria nimekimbilia mdomoni mwa shimo. Nililipenda neno hilo kuliko maneno yote ya mapenzi uliyowahi kuniambia, ambayo kusema kweli hayakuwa mengi.

Tukazeeka, tukahamia Kahama. Nikasema ahsante Mungu, sasa mume wangu ni wa juu ya ardhi kama waume wengine. Kumbe! Asubuhi moja unakunywa uji, unaniambia unataka kupanda Kilimanjaro. Nilidhani malaria imekupanda kichwani.

"Baba Kulwa, magoti yako yanalia kama mlango mbovu. Kilimanjaro kuna nini?"

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," ukasema. "Mimi nimeinama maisha yangu yote, Mama Kulwa. Sasa nataka cha juu."

Nilikusema, nikanuna, nikawaita wanao wakuseme. Sikio la kufa halisikii dawa. Ukaanza kupanda yale majabali nje ya mji na kiroba cha mchanga mgongoni, watoto nyuma yako, "Shikamoo babu, unahama?" Nawe unaitikia, "Marahaba, nahamia mbinguni!" Siku hizo nilicheka. Masanja naye, mwenye kifua kibovu kuliko chako, akaja kuniaga akiona haya: "Shemeji, nisipoenda, nani atamshikia kamba?"

Nikakufungia michembe, vile viazi vikavu uvipendavyo. Nikakutafutia koti zito la mtumba pale Kagongwa, likakupwaya, ukalivaa palepale juani, jasho linakutoka, unacheka mpaka mapengo yote yanaonekana. Nikakupenda upya siku ile, mzee mzima mwenye wazimu.

Halafu ile simu. Ulikuwa kambini juu, karibu na kilele, mchana, upepo unavuma kwenye sikio langu. Sauti yako ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyekunywa. "Mama Kulwa, hewa ya huku imechafuka. Napanda." Mtandao ukakata kabla sijajibu.

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nikabandika maji ya ugali. Maisha yangu yote, ukisema "napanda" maana yake umepona, unarudi kwangu.

Yaliyobaki nimeyasikia kwa Masanja. Kwamba kichwa kilikuuma kama kinapasuka, ukatapika, kifua kikakubana. Kwamba kijana aliyewaongoza alisema kwa upole, "Mzee, hali yako si nzuri, tunashuka sasa hivi," akaenda kuita wenzake wakubebe. Nawe ukatoa mshumaa mfukoni, ukaukinga kwa jiwe na koti, ukauwasha. Mwali ukawa mdogo, ukanywea, ukazima. Ukamtazama Masanja, ukasema, "Umeona? Hewa mbaya. Huyu mtoto anataka kutushusha tufe." Ukasimama, ukaenda juu.

Wale vijana walipokufikia ulikuwa umelala kifudifudi, mikono imenyooshwa mbele. Walikubeba mbio. Hukufika chini ukiwa hai.

Mtu mwingine yeyote angeshuka, Baba Kulwa. Mwalimu angeshuka, mkulima angeshuka. Wewe mwili wako ulikuwa unajua jambo moja tu, kwamba pumzi ikikata uhai uko juu. Na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Hukupotea. Ulikuwa unakuja nyumbani.

Masanja hajapona. Kila siku anakuja, ananiamkia, anakaa kwenye kigoda chako, viganja vimefunguka mapajani. "Shemeji, bado anatikisa kamba," ananiambia. "Naisikia mikononi." Juzi binti yake mkubwa alikuja analia. Baba yake amejaza kiroba mchanga, anapanda majabali huku anakohoa damu. Anasema wakishavuna mpunga atarudi mlimani. "Mama, baba hatusikilizi sisi kabisa. Wewe labda atakusikia."

Nimewaza sana. Nikaona kumkataza ni kazi bure, maana Masanja haendi kutalii. Yeye bado yuko mdomoni mwa shimo. Hajaambiwa.

Leo nimetoa kamba yenu ya zamani stoo. Nikampeleka Masanja nyuma ya nyumba, kaburini kwako, nikamwambia ashike kama zamani. Akaishika, miguu akaipanua, mishipa ikamsimama shingoni. Mimi nikasimama pale ninaposimamaga, nikainama nikatazama.

Nikasema, "Ametoka."

"Umemwona, shemeji?"

"Nimemwona. Koti limempwaya. Achia."

Alinitazama machoni, nami sikupepesa. Kisha akaachia. Kamba ikaanguka, naye akakaa chini akalia kama mtoto, mpaka jirani akachungulia uani. Wakati wa kuondoka akasema atamwaga ule mchanga, kiroba atakitilia mpunga. Namwamini. Masanja ataishi.

Lakini nilidanganya, mume wangu. Sikukuona. Niliona udongo tu, na yale majani niliyoyang'oa wiki iliyopita yameshaota tena. Yeye nimemfungua, mimi nimebaki hapo mdomoni, peke yangu, nasubiri.

Ndiyo maana leo umeme ulipokatika nimewasha mshumaa wako. Nakuandikia kwa mwanga wake. Mwali ulisimama vizuri mwanzoni. Sasa umeanza kupungua, na nakusikia, sauti ileile nzito yenye upepo, "Mama Kulwa, napanda." Lile jibu la siku zote limenijaa mdomoni. Nimelimeza.

Sikiliza jibu lako, ambalo mtandao ulilikata. Usipande. Geuka, baba wa wanangu. Shuka. Shuka polepole, shika mawe, magoti yako mabovu hayo. Hewa iko huku chini, na ugali uko tayari.

Mimi mkeo, niliye bado mdomoni mwa shimo,
Mama Kulwa