Picha Uliyoipa Alama Nne

Kijenge, Arusha
12 Julai

Kaka Abdulhalim,

Shikamoo yako nimeizuia kwa leo. Huku ni baridi, Mlima Meru haujaonekana wiki nzima, na Mama bado anagombana na muuza maziwa wa Olmotonyi kwamba anayatia maji.

Ile picha namba thelathini na saba, kwenye shindano la mtandaoni ambalo wewe ni jaji, niliituma mimi kwa jina la bandia. Ni ya bibi aliyeketi barazani akichambua mchele. Uliandika mbele ya watu wote: "Nasema kwa kujenga, si kubomoa. Mhusika anaangalia pembeni. Mpiga picha ajifunze kumwambia aitazame kamera."

Mhusika ni mama yako.

Hakuitazama kamera kwa sababu haoni tena. Presha ya macho ilimaliza jicho la pili mwezi wa Ramadhani. Mchele anauchambua kwa vidole. Nilikutumia ujumbe mara tatu, hukufungua hata mmoja, lakini picha za watu mia mbili ulipata nafasi ya kuzikosoa.

Alama nne sizigombei, kivuli kweli kilikuwa kibaya. Najua pia miaka tisa ya Muscat ni mingi, na Mama amekonda. Lakini ulimtazama, ukamwandikia mistari mitatu, usimjue!

Jana akaniuliza, "Jaji kasemaje kuhusu picha yangu?"

Nikamsomea. Akacheka kidogo.

"Nani huyo?"

"Mtu asiyekufahamu, Mama."

Sikumdanganya.

Mdogo wako,
Twahira